Jina la Mastula Kwenye Kadi ya Twaibu

Zamani zile, asubuhi ya nyumba ya Mastula ilianza kwa kikohozi cha lori.

Mumewe, Twaibu, aliamka alfajiri, akaswali, kisha akatoka nje kuliwasha. Lilikuwa Fuso kuukuu. Lilikohoa, likanyamaza, likakohoa tena. Mastula alikuwa jikoni akikoroga chai ya tangawizi huku akisikiliza. Kwa kikohozi kile alijua kama mumewe angekunywa chai ikiwa moto au imepoa.

Waliishi Kasese mjini. Mbele ya nyumba kulikuwa na duka lao la matairi, oili na vipuri vya magari. Twaibu alikuwa msafirishaji. Alipeleka saruji na mabati Bwera, kwenye mpaka wa Kongo, akarudi na kahawa na maharage. Mastula ndiye aliyebaki dukani. Lakini siku ya soko la mpakani, kama hapakuwa na kazi nyingi, alifunga duka akapanda lori pamoja na mumewe. Binti yao Nasifah, ambaye bado alikuwa mdogo, alikaa mapajani pake.

Njia ya Bwera hukatiza mbuga ya wanyama. Siku nyingine tembo walisimama barabarani. Twaibu alizima injini akangoja.

"Piga honi," Mastula alimwambia mara moja. "Tunachelewa."

"Tembo hapigiwi honi," Twaibu alijibu. "Yeye iko nyumbani kwake. Sisi ni wageni."

Basi walikaa kimya wakiwatazama tembo wakivuka, wakubwa mbele, wadogo katikati. Baadaye sana, alipokuwa peke yake, Mastula alikumbuka ukimya ule kuliko maneno mengi aliyowahi kuambiwa.

Huko Bwera, Twaibu alijulikana na kila mtu. Kulikuwa na mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, Kavira, aliyeuza vitenge na mafuta ya mawese. Twaibu akikosa fedha, Kavira alimpa bidhaa mali kauli, yaani kwa neno la mdomo tu.

"Beba, Baba Nasifah," Kavira alisema kwa Kiswahili cha Kongo. "Weye batu banakujua. Utaleta soko ingine."

Na soko lililofuata Twaibu alileta. Hakuna aliyeandika. Jina lake lilikuwa dhamana tosha. Mastula alipenda kutembea nyuma yake sokoni, kwa maana salamu alizopewa mume zilimfikia na yeye.

Mwaka uliofuata yale mafuriko makubwa ya mto Nyamwamba, Twaibu alirudi kutoka Kampala akiwa na bahasha. Ndani mlikuwa na kadi mbili za benki. Moja ilikuwa na jina lake. Ya pili ilikuwa na jina la Mastula, herufi zimeinuka juu kiasi kwamba unaweza kuzisoma kwa kidole.

"Hii iko ya nini?" Mastula aliuliza.

"Kadi ya mkopo. Mimi ndiye niliomba, na wewe nimekuongeza. Nikiwa safarini, lori ikitaka mafuta, wewe utalipa kituoni kwa kadi. Mwisho wa mwezi benki inatuonyesha deni, tunalipa."

"Na tukichelewa?"

"Tukichelewa, deni inazaa. Kwa hiyo hatuchelewi."

Mastula alipitisha kidole juu ya jina lake. Hakuwahi kuona jina lake mahali pengine isipokuwa kwenye cheti cha shule na cheti cha ndoa.

"Sasa na wewe ni mtu wa benki," Twaibu alisema akicheka.

Tangu siku hiyo, Mastula alikuwa na kazi mpya. Kila mwezi, kabla ya tarehe ya benki kufika, alivaa gauni lake zuri, akajifunga mtandio, akapeleka malipo. Hakuruka hata mwezi mmoja. Karani wa benki alimzoea. Alimuuliza habari za nyumbani. Mastula alirudi nyumbani akitembea polepole, na moyoni alijiambia kwamba anajenga jina lake, kama mumewe alivyojenga lake sokoni Bwera.

Hakujua kwamba hilo si kweli. Hakuna aliyemweleza, na yeye hakuuliza.

Mwaka wa 2016, presha ilimwangusha Twaibu akiwa Bwera, watu wakipakia magunia. Walimkimbiza hospitali. Mastula alipofika alikuta amekwisha funikwa shuka.

Walimzika huko huko Bwera, kwao, siku ile ile. Kabla ya kumteremsha kaburini, mdogo wake, Siraj, alisimama mbele ya watu kama desturi ya Waislamu ilivyo.

"Kama kuna mtu anamdai ndugu yangu, aje kwetu," alisema. "Asinyamaze kwa kutuonea aibu. Deni yake imekuwa yetu."

Watu walikuja siku zilizofuata. Fundi wa matairi alikuja. Mwenye ghala la saruji alikuja. Mama mmoja muuza samaki alitoka Kahendero, kule ziwani, naye akasema kwamba yeye ndiye aliyekuwa akidaiwa, akalipa. Siraj alimaliza kila dai. Lakini benki haikuja matangani, na katika majonzi yale hakuna aliyeikumbuka.

Mastula alikaa eda nyumbani Kasese. Hakwenda sokoni wala benki. Siraj alihamia mjini, akaendesha lori na kuangalia duka. Alikuwa kijana mchapakazi, mwenye haraka kidogo. Siku moja alisimama mlangoni.

"Shemeji, lori haina mafuta. Fedha ya mzigo bado haijatoka. Ile kadi yako iko wapi?"

"Kadi ni ya kaka yako, Siraj."

"Ya kaka ilikuwa na jina ya kaka. Yako iko na jina yako. Na wewe uko hai."

Mastula alifikiri. Neno hilo lilionekana la kweli. Alimpa kadi, akamtajia na namba yake ya siri. Siraj alikwenda kituoni, kadi ikakubali. Wiki iliyofuata akaiomba tena. Na nyingine tena.

Simu ya Twaibu ilikuwa chumbani, juu ya kabati. Mastula aliichaji kila siku. Hakuwa na sababu ya kufanya hivyo ila kwamba hakuweza kuiacha izime. Jioni moja ililia. Ujumbe ulitoka benki.

"Ndugu Twaibu, malipo ya kadi yako yamechelewa. Tafadhali lipa."

Mastula aliusoma tena na tena. Ulimuuma, na wakati huo huo ulimfariji, jambo ambalo hakuweza kumweleza mtu. Watu wote walikuwa wamekwisha anza kumwita Twaibu marehemu. Majirani, ndugu, hata Nasifah akiandika barua kutoka shule ya bweni. Benki peke yake ndiyo iliyokuwa bado inamwita kana kwamba yuko safarini na atarudi jioni.

Ujumbe mwingine ulikuja, na mwingine, kila mmoja mkali kuliko uliotangulia. Alijua kwamba inafaa apige simu benki aseme. Kila aliposhika simu, alishindwa kulitamka neno lenyewe. Aliirudisha simu juu ya kabati.

Eda ikaisha. Wiki hiyo hiyo injini ya lori ikafa kabisa, njiani kutoka Kitswamba, na mzigo wa mahindi juu. Fundi alisema haitengenezeki, inahitajika injini nyingine. Bila lori, duka lisingeweza kuwalisha, wala Nasifah asingerudi shule.

Mastula akamkumbuka Aber.

Aber alikuwa mke wa polisi. Kwao ni Gulu, lakini mumewe alipangiwa kazi Kasese, na familia yote iliishi kambini. Aber mwenyewe alifanya kazi katika ofisi ya mikopo mjini. Yeye na Mastula walijuana tangu watoto wao wakisoma darasa moja. Wakati wa msiba alikuja na wanawake wenzake wa kambini, wakapika kwa masufuria makubwa, wakaosha vyombo, wakaondoka bila kungoja kushukuriwa.

Mastula alivaa lile gauni lake la benki, akaenda ofisini kwake.

"Karibu, Mama Nasifah," Aber alisema. Akamvutia kiti. "Eda imeisha salama?"

"Imeisha. Nimekuja kwa shida ya lori."

Alimweleza yote kuhusu injini. Aber alisikiliza.

"Sisi tunaweza kukopesha mtu kununua injini," alisema. "Lakini kwanza lazima niangalie habari zako za mikopo. Kuna ofisi inakusanya habari hizo kutoka mabenki yote. Nani alikopa, nani analipa vizuri, nani anachelewa. Ukikubali, utatia sahihi hapa, mimi nitauliza."

"Uliza tu," Mastula alisema. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Utakuta mambo mazuri. Mimi nimelipa benki kila mwezi, na sikuchelewa hata mara moja wakati mume wangu akiwa hai."

Aliambiwa arudi kesho yake. Aliporudi, alimkuta Aber amekaa, mikono juu ya meza.

"Nimetafuta jina yako," Aber alisema. "Hakuna kitu."

"Hakuna kitu namna gani?"

"Hakuna deni mbaya. Hakuna deni nzuri. Kwa mikopo, ni kama wewe umezaliwa jana."

Mastula alifungua pochi yake. Alitoa kadi, akaiweka mezani mbele ya Aber.

"Na hii? Soma. Imeandikwa nini?"

"Imeandikwa jina yako."

"Na nani alikuwa anapeleka malipo? Si mimi? Karani ananijua. Muulize."

"Ninaamini, dada yangu," Aber alisema kwa upole. "Lakini wacha nikuulize. Siku ya kuomba kadi, nani alitia sahihi mkataba na benki?"

"Baba Nasifah."

"Wewe ulitia sahihi ya kusema utalipa deni?"

Mastula alifikiri. "Hapana. Yeye aliniletea kadi nyumbani."

"Basi hii ni kadi ya nyongeza. Wewe umeruhusiwa kutumia, lakini deni ni ya yule aliyeomba. Sasa angalia mimi. Ninakaa kambini. Ninafagia, ninapika, nimepanda mboga kando ya mlango. Majirani wanasema, nyumba ya Aber. Lakini kwa karatasi za serikali, nyumba imeandikwa mume wangu, afande. Hata nikiifagia miaka kumi, karatasi haitasema Aber."

Mastula alitazama chini.

"Benki yenu huandika mwenye kadi peke yake," Aber aliendelea. "Malipo yote uliyopeleka yaliandikwa kwa Twaibu. Wewe ulijenga jina yake, na ulijenga vizuri sana."

"Ni hivyo kila mahali?"

"Hapana, na ndiyo maana ni lazima mtu aulize. Kuna benki nyingine, na nchi nyingine, huandika hata yule aliyeongezwa. Hapo mwenye kadi akilipa vizuri, na wewe inakusaidia. Akichelewa, na wewe inakuchafua, hata kama hukununua kitu. Kwa hiyo mtu akikuambia anakuongeza kwa kadi yake, uliza benki maneno haya: jina yangu itaandikwa kwenye habari za mikopo? Akichelewa yeye, itanigusa mimi? Akifa, itakuwaje?"

Neno la mwisho likamfanya Mastula ainue uso. Aber aliliona.

"Mama Nasifah. Benki mmewaambia kwamba Baba Nasifah hayuko?"

Mastula aliichukua tena kadi yake mezani.

"Wanamwandikia," Mastula alisema. "Kila mara simu yake inalia. Wanamwita kwa jina. Nikiwaambia, wataacha."

Aber aliinuka, akazunguka meza, akakaa karibu naye.

"Kadi imetumika tangu afariki?" Aber aliuliza taratibu.

"Siraj ameweka mafuta. Mara nyingi. Nilimpa mimi, na namba ya siri nikampa."

"Sasa sikiliza vizuri. Deni aliyoacha Baba Nasifah inalipwa kutoka mali aliyoacha. Benki haiwezi kukudai wewe kutoka mfuko wako, kwa sababu mkataba si wako. Lakini mwenye kadi akifa, kadi ya nyongeza imekufa pia. Hata kama mashine inakubali, hiyo ni kwa sababu benki haijajua. Mafuta ya Siraj, benki inaweza kuwadai nyinyi. Inaweza kusema mmedanganya. Na namba ya siri haipewi mtu, hata ndugu."

"Na zile siku tumechelewa?"

"Zinaandikwa."

"Kwa jina la nani?"

"La Twaibu."

Hapo ndipo Mastula alipolia. Alikuwa amestahimili habari ya kwamba yeye hana jina. Lakini Twaibu, ambaye hakuwahi kulaza deni, jina lake lilikuwa linachafuka naye yuko kaburini hawezi kujitetea, na mwenye kulichafua ni yeye, kwa kuogopa kusema neno moja kwenye simu.

Jioni alimwita Siraj. Alimweleza kila kitu kama alivyoelezwa.

Siraj alikuna kichwa. "Shemeji, benki ni tajiri. Hata tukinyamaza, watasahau."

"Wewe ulisimama makaburini," Mastula alisema. "Ulisema anayedai aje. Mwenye ghala alikuja kwa sababu ana miguu. Benki haina miguu, Siraj. Ile inakuja kwa simu tu, na mimi nimeinyamazia."

Siraj alimpenda kaka yake. Twaibu ndiye aliyemfundisha kuendesha lori, kwenye uwanja wa mpira wa Bwera, akimshikia usukani.

"Mafuta nitalipa mimi," alisema. "Nilijaza mimi."

"Tutalipa pamoja. Nilikupa mimi."

Siku ya pili walikwenda benki. Walichukua cheti cha kifo, barua ya mwenyekiti wa mtaa na vitambulisho vyao. Ofisa aliyewapokea aliitwa Byamukama. Mastula alisimama mbele yake, na lile neno likatoka.

"Mume wangu amefariki."

Byamukama aliwapa pole, akawaomba wakae. Mastula hakuficha kitu. Alieleza habari za mafuta, za ujumbe, na za simu juu ya kabati. Byamukama alizifunga kadi zote mbili pale pale, akaikata ya Mastula kwa mkasi.

"Mmefanya vizuri kuja wenyewe," alisema. "Ingekuwa bora mje mapema, lakini mmekuja. Tutatenganisha madeni. Aliyoacha marehemu ni upande huu. Iliyoingia baada ya kifo ni upande huu mwingine."

"Tumesikia kadi nyingine ina bima mwenye kadi akifa," Mastula alisema. Aber alikuwa amemwambia asisahau kuuliza.

"Nyingine iko nayo. Nitaangalia." Alitazama kompyuta. "Hii haikuwa nayo. Pole. Lakini ni vizuri kuuliza. Wengi hawaulizi."

Walikubaliana namna ya kulipa. Siraj alishikilia neno lake, akauza pikipiki yake akamaliza upande wa mafuta. Kwa upande wa marehemu, waliuza matairi yaliyokuwa stoo. Mastula aliyatoa moja moja. Kila tairi lilikuwa na chaki ya Twaibu, mwandiko wake wa kulalia kushoto, na kabla ya kulitoa alisimama kidogo akautazama. Deni lilikwisha. Mastula aliomba benki barua ya kuthibitisha kwamba hakuna kilichobaki, akaihifadhi.

Ujumbe haukuja tena. Mwezi uliofuata, Mastula aliacha kuichaji simu ile. Aliifunga ndani ya kitambaa, akaiweka sandukuni pamoja na kanzu.

Baada ya madeni kulipwa, ndipo familia ilipokaa Bwera kugawa mirathi, kwa maana dini huanza na deni ndipo ije kwenye urithi. Sheikh alisoma mafungu. Siraj alichagua kiwanja cha nyumbani. Lori bovu na duka vikabaki kwa Mastula na Nasifah.

"Sasa nianze wapi?" Mastula alimuuliza Aber.

"Anza mdogo. Fungua akaunti kwa jina yako peke yako. Hiyo akaunti haikupi historia ya mikopo, lakini inakufungulia mlango. Halafu omba mkopo mdogo, ule unaweza kulipa hata soko ikiwa mbaya. Lipa kabla ya siku. Hapo jina yako itaanza kuandikwa."

"Kwa karatasi yangu mimi?"

"Kwa yako. Na kila mwaka uje uombe kusoma habari zako. Mtu anaweza kukosea akaandika deni si yako. Ukiona kosa, sema mara moja."

Mastula alichukua mkopo mdogo, akanunua matairi na mipira ya pikipiki. Siku za soko alipanda gari la watu mpaka Bwera, akapanga bidhaa zake chini, karibu na Kavira.

Siku hiyo ya kwanza, Kavira alimtazama, akaacha wateja wake, akaja kumkumbatia.

"Nilikuwa nangoja weye," alisema. "Kila soko naangalia njia."

Waliongea juu ya Twaibu mpaka jua likawa kali. Kavira alikumbuka namna alivyokuwa akibishana juu ya bei ya kitenge halafu, baada ya kushinda, akalipa bei ya kwanza. Mastula hakuwa anaijua habari hiyo. Aliipokea kama zawadi.

Ilikuwa kazi ngumu. Kulikuwa na soko la mvua ambalo hakuuza kitu, akarudi Kasese na magunia yake yameloa. Lakini siku ya kulipa ilipokaribia, alikwisha weka fedha pembeni. Alilipa mkopo ule, akachukua mwingine mkubwa kidogo, akaulipa nao.

Kisha siku moja Aber alimwita ofisini, akageuza kompyuta ili naye aone.

"Soma mwenyewe," alisema.

Mastula alisogea karibu. Jina lake lilikuwa juu kabisa. Chini yake kulikuwa na mikopo yake miwili, na mbele ya kila malipo pameandikwa kwamba yamefika kwa wakati. Hapakuwa na jina la mtu mwingine. Alifurahi. Lakini pia aliona upweke wa jina lile, limesimama peke yake kwenye kioo, na kwa kitambo alitamani lingekuwa bado limejibanza nyuma ya lile jingine, kama zamani sokoni.

"Sasa tuongee juu ya injini," Aber alisema.

Injini ilikuja kutoka Kampala juu ya lori la watu. Fundi aliifunga akisaidiwa na Siraj. Fuso likarudi barabarani, na mizigo ikarudi. Nasifah alimaliza shule, akaingia chuo cha wauguzi. Mastula alilipa mkopo wa injini mpaka ukaisha, mwaka wa 2019.

Mwaka huo huo benki ilimpa kadi ya mkopo. Safari hii aliusoma mkataba pamoja na ofisa, neno kwa neno, akauliza juu ya bima, juu ya siku za kuchelewa, na juu ya mtu wa kuongezwa. Aliambiwa kwamba atakayeongezwa hataandikwa, deni lote litakuwa la Mastula. Ndipo akatia sahihi.

Jioni alimkuta Siraj uani akikagua matairi ya lori.

"Siraj, nimeomba kadi. Nataka nikuongeze, uwe unaweka mafuta safarini. Utakuwa na kadi yako na namba yako. Yangu hutaijua."

"Sawa, shemeji."

"Lakini jua kwamba haitakujengea jina. Ukinunua, deni ni langu. Ukipitisha kiasi tulichopatana, mimi ndiye nitachafuka."

"Nimeelewa."

"Kwa hiyo kesho nenda kwa Aber na kitambulisho chako. Fungua akaunti. Kopa kidogo, ulipe. Una mke sasa. Msitegemee jina langu."

Siraj alijifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa amezoea kumwita shemeji miaka yote hiyo. Lakini madereva wa barabara ile wana neno lao la kumwita mwenye gari, na neno hilo katika ua ule alikuwa akiitwa mtu mmoja tu, Twaibu.

"Nitakwenda, tajiri," alisema.

Mastula aligeuka kutazama nyuma, kana kwamba aliyeitwa amesimama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Akamgeukia Siraj, akaitika.